Kuijengea Ruta Nyumba

Bunia, Mudzipela, 16 Januari 2024

Yaya Constant,

Kaka yangu, tunakusalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Siye hapa tuko wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo linajua mvua kabla ya mawingu. Ng'ombe aliyetuachia marehemu baba Falone amezaa dume mwekundu. Kwaya ya parokia imepata kinanda kipya, na sasa inatafuta mtu wa kukipiga.

Tumesikia kwamba simu yako ilianguka ziwani ulipokuwa unashuka kwenye mtumbwi. Pole sana. Adeline muuza samaki anasema ulisimama majini mpaka magotini, ukawaeleza wavuvi kwa nini inazama. Nilimwamini mara moja. Basi barua hii nimempa yeye, aitie ndani ya kapu lake akirudi Tchomia.

Neno lenyewe ni hili. Ile ruta ya Wi-Fi uliyotufungia wakati wa Noeli, kabla hujaenda kufundisha huko, imekufa nusu. Taa zake zinawaka vizuri, lakini binti yangu Falone akiwa chumbani kwake hapati rezo, mtandao haumfikii. Juzi alijaribu kuongea kwa video na mwalimu wake wa Kisangani. Walionana kama watu wawili waliokaa chini ya maji. Na unajua mwenyewe: tarehe 21 mwezi wa sita atatetea kazi yake ya mwisho wa masomo mbele ya walimu, kwa video hiyohiyo. Wamemwambia wazi kwamba mazungumzo yakikatika, atangoja mwaka unaofuata. Alishapoteza mwaka mmoja tulipokimbia vita. Akipoteza mwingine, anasema ataacha. Falone si mtu wa kusema neno la bure.

Mimi ruta naitunza vizuri sana. Haiguswi na vumbi, mjusi wala mwizi. Sasa kosa liko wapi?

Utarudi lini?

Mdogo wako,
Émilienne


Tchomia, 29 Januari 2024

Mdogo wangu Émilienne,

Barua yako ilinifikia ikiwa imelala safari nzima katika kapu la samaki. Nimeisoma nje, upande wa upepo. Mshukuru Mungu kwa dume mwekundu, na goti lako lifunge kwa kitambaa cha sufu. Mimi niko mzima. Wanafunzi wangu wa hapa wanajua ziwa kuliko mimi, nami najua kwa nini ziwa linameta kuliko wao, kwa hiyo tunapatana.

Umeandika kwamba ruta unaitunza vizuri sana. Maneno hayo yamenitia hofu. Ningekuuliza umeiweka wapi, lakini jibu litachukua wiki nyingi, basi acha nikujibu kabla hujasema. Umeiweka ndani ya sanduku la chuma la marehemu mama, pamoja na vitenge, picha za ndoa na vyeti vya ubatizo. Ukamwita seremala Kule akatoboa tundu la waya. Kisha ukafunga kufuli.

Sikulaumu. Tangu miaka ile ya kukimbia, kila nyumba ya kwetu ina sanduku la namna hiyo, na kila kitu chenye thamani hulala humo, ili siku ikifika mtu abebe na kuondoka. Lakini ruta haifanyi kazi kama kitenge.

Fikiria samaki anayekaangwa jikoni. Ukiweka pazia mlangoni, harufu inapita. Ukimweka ndani ya kikapu cha matete, inapita. Ukifunika sufuria kwa mfuniko unaobana, jirani hatajua kama unapika. Mfano wangu una kasoro, maana harufu hutembea polepole na mawimbi ya redio hayangoji mtu, lakini utakufaa. Ruta inasema kwa mawimbi hayo. Ndani ya chuma kuna chembe ndogo za umeme zinazotembea kwa uhuru. Wimbi likifika, zinatikisika, na kule kutikisika kwao kunalirudisha wimbi lilikotoka. Kwa hiyo ruta yako inapiga kelele usiku na mchana, na wanaoisikia ni vitenge.

Itoe humo leo. Iweke juu kuliko kichwa cha mtu, katikati ya nyumba, antena zikisimama wima. Kama unataka kuificha, ijengewe nyumba ya mbao nyembamba au matete, yenye matundu chini na juu, kwa sababu inatoa joto na inahitaji kupumua.

Na neno jingine: ni watu wangapi wanaitumia? Wakiwa wengi wanagawana, na Falone anabaki na makombo.

Kaka yako,
Constant


Bunia, 20 Februari 2024

Yaya,

Salamu nyingi. Dume mwekundu ameanza kupiga watu kichwa, tumemwita Jenerali. Kinanda bado hakina mpigaji. Mama wa sakristia alijaribu kukipiga Jumapili, tukaimba wimbo wa mazishi kwenye ubatizo.

Ulichungulia dirishani, au ni Kule alikuambia? Ilikuwa ndani ya sanduku, ndiyo. Nimeitoa. Sasa iko ndani ya kabati la vioo la sebuleni, mbele ya kile kioo kikubwa cha harusi yangu, na juu yake nimetandika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Pembeni nimepanga bidoni za maji, yale madumu ya njano, ili watoto wa watu wasifike karibu. Imependeza mpaka mapadri walipokuja waliuliza ni nini.

Sebuleni sasa tunapata rezo. Chumbani kwa Falone inakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu.

Kuhusu watu wangapi, hiyo ni sawa, tuiache.

Nakuomba kitu kimoja. Niandikie vitu vyote vinavyodhoofisha rezo, kimoja baada ya kingine, nivijue vizuri nivikwepe. Andika pia kipi kina nguvu kuliko kingine, na kama kinafanya kazi hata kikiwa upande mmoja tu. Usinionee huruma, andika yote.

Mdogo wako,
Émilienne


Tchomia, 8 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tangu utoto wetu hujawahi kuniomba maelezo marefu. Ulikuwa ukiniona nakuja na kitabu, unakumbuka una vyombo vya kuosha. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, na mara ya tatu kwa mashaka. Furaha imeshinda. Hapa tuko salama; mvua imeanza na samaki hawakauki, kijiji kizima kinanuka moshi.

Kabati lako la vioo ni kaburi zuri. Nyuma ya kioo cha kujitazama kuna rangi ya fedha iliyopakwa nyembamba sana, nayo ni metali. Wimbi haliangalii unene wake, linarudi vilevile. Kwa hiyo umeitoa ruta ndani ya chuma ukaiegemeza kwenye chuma kilichovaa nguo za harusi. Maji nayo hayarudishi, yanakunywa. Wimbi likiingia katika bidoni linageuka joto dogo na kuisha. Na kama bidoni zimepangwa kuelekea chumba cha Falone, umemjengea mtoto ukuta wa maji.

Mwenye nguvu kuliko wote ni bati. Bati la kawaida, lile la kuezekea, hata kipande cha ukubwa wa meza, likisimama kati ya ruta na mtu, mtu huyo anapata kidogo sana au hapati kabisa. Waya wa kuku wenye matundu madogo unafanya karibu sawa. Unauliza kama kinafanya kazi kikiwa upande mmoja tu. Ndiyo, na swali ni zuri: bati la upande mmoja linazuia upande ule, na linasukuma sehemu ya mawimbi kwenda upande wa pili, kama ukuta unavyorudisha sauti ya mtu anayeita.

Ukuta wa matofali ya udongo unapunguza, hasa ukiwa na unyevu. Mbao kavu zinapunguza kidogo sana. Matete ni kama hayapo. Kitambaa chako hakizuii mawimbi ila kinazuia hewa. Kipe kazi nyingine.

Watu pia wanazuia, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili ni maji. Ukijaza sebule kwa mama wa shirika la parokia, umejaza mapipa ya maji yanayoimba.

Nimekuuliza kuhusu watumiaji, ukaruka kama mbuzi kwenye mfereji. Badilisha kode, lile neno la siri la kuingilia rezo, na usiwape watu. Ni jambo la dakika moja.

Kaka yako,
Constant


Bunia, 14 Aprili 2024

Yaya mpendwa,

Pasaka ilikuwa njema. Tulichinja, tulikula, tulikukumbuka ulipobaki mguu mmoja wa kuku ambao hakuna aliyeutaka.

Barua yako ni dhahabu. Kule amejenga nyumba ya ruta kama ulivyosema: mbao nyembamba, mbele matete, matundu chini na juu, antena wima. Tumeitundika juu, kwenye ukuta wa sebule, inafanana na kanisa dogo. Falone sasa anaongea na Kisangani akiwa kitandani. Anaona mpaka mwalimu wake ana jino moja la dhahabu. Mtoto ameanza kuimba tena asubuhi.

Upande wa magharibi Kule ameongeza pambo kidogo.

Hakuna neno jingine. Jenerali anakusalimu.

Émilienne


Tchomia, 20 Mei 2024

Mdogo wangu Émilienne,

Nakusalimu, na goti lako, na Falone, na Jenerali. Nimefurahi kwamba mtoto anaimba.

Wiki iliyopita nilipata mgeni. Jirani yako Tharcisse, yule ambaye nyumba yake inagusana na yako upande wa magharibi, alikuja kutafuta samaki wa harusi ya binti yake. Nilimkaribisha chai. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza.

«Muzee, simu za siku hizi ni za ovyo,» alianza. «Ile yangu ilikuwa inaona rezo ya Mama Falone hata nikiwa chooni. Tangu Pasaka, kipofu! Nikanunua mpya. Nayo kipofu!»

«Labda ruta yao imechoka,» nilisema.

«Hapana! Nikiingia sebuleni kwao, inaona. Nikirudi kwangu, giza. Nadhani ni hewa ya nyumba yangu. Nimemwomba padri aje kunyunyiza maji.»

«Na ile nyumba ya ruta umeiona?»

«Muzee, nzuri kama tabernakulo! Na upande unaonielekea mimi kuna bati zima limechorwa maua. Pande zingine hazina maua hata moja. Mama Falone ananiheshimu sana.»

Ilinibidi nigeuke nitazame ziwa kwa muda.

Émilienne, nitakujibu kwanza kama mwalimu. Bati lako liko karibu mno. Antena ikikaa karibu sana na chuma, inavurugika na kusema vibaya hata kwa upande unaoupenda. Mwambie Kule alisogeze mbali kwa urefu wa mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole. Falone atapata rezo nzuri zaidi.

Sasa kama kaka. Mtu amenunua simu na kumwita padri kwa sababu ya maua yako. Kwa nini hukubadilisha kode tu, kama nilivyokuambia? Bati haliwezi kuchagua watu, linachagua upande. Wote walio upande mwema wanabaki wanakula pamoja na Falone, na tarehe 21 inakuja.

Constant


Bunia, 2 Juni 2024

Yaya,

Tuko wazima. Mvua ni nyingi. Bati ni kwa ajili ya mvua.

Ndiyo, najua ruta iko sebuleni. Acha nikuambie basi, na usinicheke mbele ya Adeline.

Kode niliibadilisha mwezi wa pili, hata kabla hujaniambia. Asubuhi ileile Tharcisse alibisha. Alikaa, akaulizia goti langu, akaulizia ng'ombe, akanywa chai. Alipofika mlangoni akasema: «Mama Falone, sijui simu yangu imekuwaje, imesahau jina la rezo ya kwenu.» Ungefanya nini? Mtu huyu ndiye aliyembeba Falone mgongoni siku tulipokimbia. Anaomba herufi chache ambazo hazipunguzi kitu ndani ya chungu. Nilimpa. Baada yake alikuja mama wa sakristia, kisha mafundi wa pikipiki wa barabarani, kisha mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani, lakini aliulizia goti langu kwa jina.

Nilibadilisha tena. Walirudi tena, na chai iliisha.

Siwezi kumwambia mtu hapana usoni, Yaya. Neno lenyewe linakataa kutoka. Mama hakutufundisha. Ndiyo nikafikiri: kama rezo yenyewe haifiki kwake, mimi sijamkatalia mtu. Ni fizikia imemkatalia. Na fizikia ni yako.

Bati nimelisogeza. Kweli, ni bora zaidi.

Émilienne


Tchomia, 10 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimecheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkatalia Tharcisse, nikiwa huku, bila kujua. Nimekubali, lakini maua ni yako.

Nitaandika machache kwa sababu Adeline anaondoka sasa hivi. Siku ya tarehe 21 nyumba iwe tupu. Abaki Falone na wewe, na mlango ufungwe. Kila simu iliyowahi kupewa kode inajiunga yenyewe ikifika karibu, hata kama mwenyewe ameiweka mfukoni na hana habari. Ninakuomba kuliko yote: usitangaze kanisani.

Mwambie Falone aongee polepole, na mjomba wake yuko naye.

Constant


Bunia, 25 Juni 2024

Yaya Constant,

Barua yako ya tarehe 10 imenifikia jana. Adeline anasema barabara ilikatika na alilala kwa shangazi yake mpaka ikatengenezwa. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Nilikuwa nimetangaza kanisani.

Yaya, ningefanyaje? Padri aliuliza kama kuna nia za maombi. Nilisema jina la mtoto, siku na saa. Sasa nawe unajua desturi yetu: nyumba ikiwa na jambo kubwa, watu hawaiachi ikae peke yake. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21, walianza kuingia na viti vyao. Mama wa shirika wote, na sufuria. Mafundi wa pikipiki, wameoga. Mama wa sakristia na kinanda, sijui kwa nini. Tharcisse alivaa koti la harusi ya binti yake, akakaa mbele kabisa, chini ya nyumba ya ruta. Falone alitaka kubaki chumbani, walimtoa kwa vigelegele wakamweka mezani, katikati ya sebule, ili wamwone.

Walikaa kimya kama kwenye misa. Walimu wa Kisangani walitokea kwenye kompyuta, jino la dhahabu na yote. Falone alianza vizuri. Mtoto anajua kusema! Alifika pale anapoeleza kazi yake kuhusu maji ya visima vya Bunia, picha ikasimama. Mwalimu mdomo wazi kama samaki. Ikarudi. Ikasimama tena. Nilisikia sauti ya mwalimu imevunjikavunjika: «Mademoiselle, tunakupoteza.» Kisha: «Mademoiselle, ikiendelea hivi…»

Niliona mikono ya Falone chini ya meza. Ilikuwa inakunja ukurasa wa mwisho wa kazi yake. Hakugeuka kunitazama. Angegeuka, labda ningelia tu.

Nilisimama. Nilitazama watu wote wale, ambao nimewapa chai miezi yote hii, na nikasikia mtu anasema kwa sauti kubwa: «Zimeni simu! Kila mtu, sasa hivi! Asiyetaka, atoke nyumbani kwangu! Sitaki mtu atumie rezo yangu leo. Hapana. Nimesema hapana!»

Mtu huyo alikuwa ni mimi.

Nilingoja paa lianguke. Halikuanguka. Wa kwanza kutoa simu mfukoni alikuwa Tharcisse. Aliizima, akaigeuza kifudifudi juu ya goti lake, akawageukia wengine: «Hamjasikia? Mama amesema.» Nikasikia simu zinalia wimbo wa kujizima, moja hapa, moja kule. Mama wa sakristia hakujua kuzima yake, akaipeleka mpaka nyumbani kwake akarudi anahema.

Picha ilifunguka. Falone alivuta pumzi akasema, «Naomba radhi, waheshimiwa, naendelea.» Na aliendelea mpaka mwisho. Walimuuliza maswali, aliyajibu. Walitoka kidogo, wakarudi, na mwenye jino la dhahabu alisema amepita kwa sifa kubwa. Yaya, yale mapipa yako ya maji yaliimba! Na Jenerali aliingia sebuleni kutazama kuna nini, akavunja kiti.

Wakati wa chakula Tharcisse alinijia na sahani yake. Alinitazama, akatazama lile bati lenye maua, akanitazama tena.

«Mama Falone,» alisema, «kumbe weye unajua kusema hapana?»

«Leo nimejua.»

«Ungenijulisha mwezi wa pili. Nisingenunua simu.»

«Ulijua?»

«Nilijua siku padri alipokuja na maji ya baraka. Alipita kwako kwanza, akaona maua, akacheka mpaka akamwaga ndoo. Lakini ungesema mwenyewe. Mimi ningekasirika siku moja, tungemaliza.» Akatafuna kidogo. «Siku mbili.»

Sasa kode tunayo mimi na Falone tu. Wanakuja, wanauliza, nawaambia hapana, wanakunywa chai, wanaondoka. Hakuna aliyekufa. Jana jioni Tharcisse alikuja kuomba chumvi. Chumvi ilikuwepo, pakiti nzima, juu ya meza, anaiona. Nilimwambia hapana, ili tu nisikie neno linavyotoka. Yeye alivuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu akingoja nimalize kufurahi. Kisha nikampa.

Mdogo wako,
Émilienne